Pole ya Ukurasa wa Kumi na Tisa

Afande wa masjala alimkuta Dobi ameinamia karo, mikono imezama hadi viwikoni katika maji ya sabuni yaliyokwisha kugeuka rangi ya chai. Zilikuwa sare za maafande, mashati arobaini na mawili. Nguo za wafungwa zilifuliwa na wenyewe siku ya Jumapili, kama maji yapo. Huu ulikuwa mwezi wa kumi na nne Dobi anafua pale, na jina lenyewe alilipatia palepale, ingawa kazi alikuja nayo kutoka nje. Gereza halipotezi fundi. Ukiingia unajua kufua, utafua. Ukiingia hujui kitu, utafundishwa kufua.

"Nakala yako imekuja," afande akasema. "Weka dole gumba hapa."

"Imekuja yote, afande?"

"Kwani mimi nimeisoma? Weka dole."

Dobi alijipangusa kwenye gauni. Kidole kilikuwa kimekunjamana kwa maji, wino ukakataa kushika. Afande akakikamata mwenyewe, akakigandamiza mara ya pili na ya tatu, mpaka karatasi ikapata doa jeusi lisilo na mstari hata mmoja, akaridhika. Doa hilo lilithibitisha kwamba mfungwa amepokea nakala ya mwenendo wa kesi yake kwa wakati. Dobi aliiomba wiki ileile aliyohukumiwa. Bila nakala hakuna rufaa, na nakala haitoki mpaka ichapwe, na kuichapa kulichukua miezi kumi na tatu. Ilikuwa na kurasa thelathini na nne.

"Saba ulipewa, siyo?" afande akauliza huku akifunga daftari.

"Saba, afande."

"Ningekuwa wewe ningekaa kimya nikaimaliza. Ukimwamsha aliyelala, utalala wewe."

Akaondoka, viatu vikichapa sakafu yenye maji. Dobi aliiweka nakala juu ya kizingiti cha dirisha, mbali na matone, akarudi kwenye mashati. Yalibaki kumi na sita, na saa tisa yalitakiwa yawe kwenye kamba.

Nakala ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya sheria, ambayo Dobi aliijua kwenye paketi za sabuni tu. Hakimu wake aliuliza kwa Kiswahili, watu wakajibu kwa Kiswahili, naye akaandika kwa lugha hiyo nyingine, ameinama, bila kumsomea mtu alichoandika. Hakuna aliyeona ajabu. Ndivyo kesi zinavyoandikwa.

Kwa hiyo alimpelekea Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu kweli, wa sekondari, mwenye kifungo chake mwenyewe ambacho hakupenda kukizungumza, na nusu ya rufaa za bweni lile zilitoka kwenye kalamu yake. Hakutoza kitu. Malipo yake yalikuwa kukugombeza.

"Kabla sijasoma, niambie mwenyewe ilivyokuwa," akasema. Walikaa kwenye mkeka wake saa kumi, jua likiingia kwa vipande kupitia nondo. "Na usinipambie. Mimi si hakimu."

Dobi akamweleza, na ilikuwa hivi. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli na mahospitali. Kulikuwa na mashine ya kunyooshea, magogo mawili ya chuma yenye moto, yanazunguka, unaingiza shuka bichi huku linatoka kavu kule. Waliiita Roli. Mbele ya magogo palitakiwa pawe na chuma cha kinga, ambacho mkono ukikigusa mashine inasimama. Kinga ile ilisimamisha mashine mara thelathini kwa siku, na tajiri hakupenda, akaagiza itolewe. Kitufe cha kuzimia nacho kilikuwa kibovu tangu mwaka uliotangulia. Kuizima Roli ilibidi ukimbie hadi swichi kubwa ya ukutani, nyuma ya mapipa ya dawa.

Siku hiyo shuka lilijikunja likakwama. Msimamizi, ambaye asubuhi yake alikuwa amemtukana Dobi mbele ya watu kwa kwenda chooni mara mbili, alimsukuma pembeni, akapeleka mkono mwenyewe. Alilivuta shuka. Kisha shuka likamvuta yeye. Dobi alikimbia ukutani akiruka mapipa, akazima, akarudi. Alimkalisha sakafuni, akampakata kichwa, akawa anamwambia pole, pole kaka, pole sana, mpaka gari likaja.

Mkaguzi wa kazi alifika siku ya tatu. Alikuta kinga imefungwa mahali pake kwa nati mpya zinazong'aa, kitufe kinafanya kazi, na Dobi yuko mahabusu. Hesabu ya tajiri haikuwa ngumu. Ikiwa ni ajali, ni ajali ya kiwanda chake. Ikiwa ni mwanamke aliyetukanwa asubuhi akaiwasha mashine mkono wa mwenzake ukiwa ndani, basi ni jinai ya mwanamke huyo, na tajiri ni mtu wa kupewa pole. Msimamizi alitoka hospitali hana mkono wa kulia, akapanda kizimbani, akasema aliyewasha ni yule pale.

"Shahidi wa kwanza," Mwalimu akasema, akilowesha kidole na kufunua. "Ukurasa wa kumi na sita mpaka wa kumi na tisa. Amemaliza kusema, ameonyesha mkono. Halafu hakimu anakuuliza kama una swali kwa shahidi. Ulijibu nini?"

"Nilisema sina."

"Basi?"

"Nikamwambia pole. Mtu amesimama mbele yako hana mkono, utanyamaza tu?"

Mwalimu akasogeza karatasi karibu na macho, akaisogeza mbali, akairudisha. "Hapa imeandikwa: Sina swali. Naomba unisamehe, kaka."

Dobi alicheka. Ulikuwa upuuzi wa kuchekesha kweli.

"Sikusema hivyo, Mwalimu."

"Imeandikwa."

"Nilisema pole. Kiswahili chake kinajulikana. Pole."

Mwalimu akavua miwani. "Kwa lugha yao ni neno moja," akasema taratibu. "Pole wanaliita hilo, na nisamehe wanaliita hilohilo. Unalijua kwa mazingira, lilisemwa na nani, kwa nini. Huyu ameliandika, halafu amelisoma kwa upande alioutaka. Sikiliza ukurasa wa thelathini na moja, hukumu yenyewe. 'Mshtakiwa alipomwona majeruhi alishindwa kujizuia, akamwomba msamaha mbele ya mahakama hii. Mtu asiye na hatia haombi msamaha.' Umesikia? Mashahidi wengine wote hawakuona kitu. Umefungwa na msimamizi na hilo neno."

Dobi hakucheka tena. Pole aliisema tangu ajue kusema. Aliwapa wafiwa, wagonjwa, aliyejikwaa, aliyetoka kazini, mwenye mzigo kichwani, mama aliyejifungua, jirani aliyenyeshewa. Kama pole ni kukiri, basi yeye ameua watu wengi sana, na mvua za mtaani kwao zote alizileta yeye. Alihisi hasira imempanda mpaka masikioni, hasira ya mtu aliyeibiwa kitu ambacho hakujua kwamba kinaibika.

"Na wewe ulikosea," Mwalimu akaanza kumgombeza. "Unaulizwa una swali, unasema huna. Ungemuuliza kinga ilitolewa lini. Ungemuuliza kitufe. Ungemuuliza shuka lilikwamaje. Mtu anakumaliza, wewe unampa pole."

"Niliona aibu, Mwalimu. Kumbana kwa maswali mtu ambaye hata jeraha halijakauka."

"Aibu yako miaka saba."

Hata hivyo aliiandika rufaa usiku haujaingia, kwa mwandiko wa ubaoni, yenye sababu moja tu: kwamba hakimu alikosea kisheria na kimantiki kulifanya neno la kufariji kuwa neno la kukiri. Chini ya neno lile la ukurasa wa kumi na tisa alipiga mstari, akamfundisha Dobi namna linavyotamkwa, ili akilisikia mahakamani alijue. Alimrudisha mara tano mpaka ulimi ukazoea.

"Sasa nikuambie na hili usije ukanilaumu," akasema. "Jaji anaweza kukuachia. Anaweza kukupunguzia. Na anaweza kukuongezea. Kosa la kumdhuru mtu vibaya kwa kukusudia, adhabu yake haina mwisho karibu. Watu wamepewa kumi na tano, wamepewa maisha. Unataka niipeleke?"

Mama yake Dobi alikuwa na miaka sabini na moja, na jicho moja limeshaziba. Mdogo wake Dobi, aliyekuja kumwona mara ya mwisho, alisema mama hulala na mkoba wake chini ya kitanda, umefungashwa, asije akachelewa siku ya kumpokea mwanawe. Miaka mitano na miezi kumi iliyobaki ni mingi kwa mtu wa sabini na moja. Ndiyo hesabu pekee ambayo Dobi aliifanya.

"Ipeleke," akasema.

Rufaa ilipangiwa tarehe baada ya miezi mitatu. Siku hiyo walimfunga pingu na mwanamke mwingine ambaye alikuwa anaharisha, kwa hiyo walifika Mahakama Kuu wote wawili wakiwa wamechoka na wananuka. Waliwekwa kwenye benchi la korido chini ya feni isiyozunguka. Mwenzake aliitwa kwanza. Dobi akabaki na afande mmoja kijana aliyekuwa anachezea simu, na upande wa pili wa korido, hatua nne tu, alikuwa amekaa msimamizi.

Alikuwa amevaa shati la kampuni, jipya, lina nembo mfukoni. Mkono wa kulia wa shati ulikuwa umekunjwa vizuri ukafungwa kwa pini. Walitazamana mpaka ikawa aibu kutosalimiana.

"Habari yako, dada," msimamizi akasema.

"Umekuja kufanya nini?"

"Nimetumwa kusikiliza. Tajiri anataka kujua itakwishaje."

"Bado uko naye."

"Nipo getini. Naandika magari yanayoingia. Nimejifunza kuandika kwa kushoto." Alisema hivyo bila majivuno, wala hakuonyesha huzuni.

Dobi alimtazama afande. Afande alikuwa mbali, kwenye simu yake.

"Wewe unajua ilivyokuwa," Dobi akasema.

"Najua."

"Si uingie basi ukaseme. Upo hapahapa."

Msimamizi akajisogeza mbele kwenye benchi. Alizungumza kwa sauti ya chini, ya mtu aliyeyafikiria maneno yake muda mrefu na sasa anayatoa kwa mpangilio. "Nikisema kitufe kilikuwa kibovu, wataniuliza kazi ya kuripoti kitufe ilikuwa ya nani. Ilikuwa yangu. Nikisema kinga ilitolewa, wataniuliza nani aliyeifungua. Niliifungua mimi, kwa spana yangu, tajiri hakushika hata nati moja. Halafu wataniuliza kwa nini nilidanganya kwa kiapo. Nikitoka hapo sina kazi, sina mkono, na nina kesi. Na sijui hata pingu za mtu wa mkono mmoja wanazifungia wapi."

"Kwa hiyo nifungwe mimi."

"Wewe umeshafungwa, dada. Kwa nini tuwe wawili?"

Alilisema hilo kwa upole kabisa, na upole ndio uliomuumiza Dobi. Angetukanwa angejua la kufanya. Alimtazama yule mtu ambaye yeye mwenyewe alimpakata kichwa sakafuni, damu ikimlowesha mapaja, akatamani angekuwa ametembea tu siku ile kwenda kuzima swichi, asingekimbia. Akaliogopa wazo hilo, kwa sababu lilikuwa ndilo wazo walilomfungia, na alikuwa amelipatia humo walimomfungia.

"Mrufani namba tatu," sauti ikaita.

Chumba kilikuwa na baridi ya mashine. Jaji alikaa juu, mtu mzima mwenye sauti ya redio, mbele yake daftari kubwa na kalamu nene. Kushoto alikuwa wakili wa serikali, kijana mwenye mafua, na leso mkononi. Mkalimani alisimama kando ya kizimba, amebana mafaili kwapani, akionekana kuwa na haraka ya kwenda kwingine. Wasikilizaji hawakuzidi kumi, wengi wao wakisubiri kesi zao. Msimamizi aliingia akakaa nyuma.

Wakili wa serikali alisimama kujitambulisha, kikohozi kikamshika, akainama akikohoa kwenye leso.

"Pole, wakili," jaji akasema. "Kunywa maji."

"Asante, mheshimiwa."

Kisha wakaanza, na kuanzia hapo jaji hakusema tena Kiswahili. Alisema kwa lugha ya sheria, mkalimani akageuza, Dobi akajibu, mkalimani akageuza tena. Kila mtu chumbani mle alikielewa Kiswahili, kuanzia jaji hadi mfagizi aliyesimama mlangoni. Lakini mahakama ina utaratibu wake.

"Mheshimiwa anasema ameisoma sababu yako ya rufaa," mkalimani akasema. "Anauliza ni hiyo moja tu?"

"Ni hiyo, mheshimiwa."

"Anasema kumbukumbu inaonyesha ulimwomba msamaha mlalamikaji. Wewe unasema ulisema nini?"

"Nilisema pole."

Mkalimani akamgeukia jaji, akatafsiri. Na Dobi akalisikia. Lilikuwa lilelile, neno ambalo Mwalimu alimrudisha mara tano, alilolipigia mstari.

"Mheshimiwa," akasema, "amelisema lilelile."

Jaji akainua macho. Mkalimani hakutafsiri.

"Lipi?" jaji akauliza, kwa Kiswahili, kabla hajajizuia.

"Lile la ukurasa wa kumi na tisa. Nimesema pole na yeye kakwambia nisamehe. Hapahapa, unasikia mwenyewe."

Nyuma mtu alicheka. Jaji akamtazama mkalimani, na mkalimani akahamisha mafaili kwapa lingine. "Mheshimiwa, katika lugha ya mahakama hakuna neno jingine," akasema. "Tungetaka tulieleze, ingekuwa sentensi nzima."

"Basi tuendelee na lililopo," jaji akasema, akaandika.

Wakili wa serikali alisimama. Alizungumza vizuri, kwa mtu aliyezibwa pua. Alisema hata likichukuliwa kwa maana ya kufariji, neno hilo linaonyesha mtu aliyesikitika, na swali ni anasikitikia nini ikiwa hakutenda. Mkalimani alipomaliza kutafsiri, Dobi alikuwa ameshakishika chuma cha kizimba kwa mikono yote miwili.

"Nijibu, mheshimiwa?"

"Jibu."

"Huyu wakili alipokohoa sasa hivi, wewe ulimwambia pole. Ni wewe uliyemtia kikohozi?"

Safari hii walicheka wengi. Hata karani aliinamisha uso. Kwa muda mfupi, muda wa kuvuta pumzi mara moja, Dobi aliamini kwamba jambo limekwisha, kwamba haiwezekani mtu mwenye akili asikie hilo asilione. Jaji alikuwa amemkodolea macho. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Mrufani anadai mahakama imesema nini?" akauliza, kwa lugha yake, na mkalimani akageuza.

"Ulisema pole."

Jaji akarudisha ukurasa mmoja wa daftari lake, akapitisha kalamu juu ya mistari, taratibu, mstari kwa mstari, watu wote wakimsubiri. "Katika kumbukumbu za shauri hili hakuna maneno hayo," akasema. "Wakili, wewe unayo?"

Kijana alitazama leso yake. "Sina, mheshimiwa."

"Basi mrufani ajihadhari. Hii ni mahakama, siyo kijiwe cha mzaha."

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Dobi aligeuka nyuma, akatafuta macho ya mtu, yeyote, kati ya wale waliocheka. Kila mmoja alikuwa na kesi yake ya kusubiri mbele ya jaji huyuhuyu. Msimamizi alikuwa akitazama kiatu chake.

Wakili wa serikali hakukaa. Alifungua nakala kwenye ukurasa wa thelathini na tatu, na alipoanza kusoma sauti yake ilipata nguvu, kama mtu aliyeokota kitu njiani bila kukitafuta. Mkalimani alitafsiri sentensi kwa sentensi. Hakimu wa chini, alisema, angeweza kutoa miaka kumi na tano. Alitoa saba. Kwa nini? Imeandikwa hapa: kwa kuzingatia majuto ya mshtakiwa, aliyemwomba msamaha majeruhi kwa hiari yake. Leo mshtakiwa huyohuyo amesimama akiukana msamaha ule. Anasema hakujuta, alikuwa anafariji tu, kwa mazoea. Basi ile nafuu aliyopewa haina msingi tena. Upande wa serikali unaomba adhabu iongezwe.

Dobi alisubiri mkalimani aseme kwamba amekosea. Mkalimani alikuwa amemaliza.

"Lakini kama sikuomba msamaha, si maana yake sikufanya?" akasema. "Si ndilo neno hakimu alilonifungia?"

"Ushahidi wa shahidi wa kwanza upo," jaji akasema. "Aliona, akasema, na wewe hukumuuliza swali hata moja. Mtu asipopingwa, amekubaliwa."

"Yule pale, mheshimiwa. Shahidi mwenyewe yule, amekaa. Muulize."

"Rufaa haisikilizi mashahidi. Rufaa inasoma." Jaji aliweka kalamu chini, akakunja vidole, na sauti ikalainika. Aliongea moja kwa moja, bila kumpitia mkalimani, kama mzazi na mwanawe. "Mama, nikueleweshe ili usije ukasema hukuelezwa. Njia ni mbili. Unaweza kuiondoa rufaa yako sasa hivi. Hapo kumbukumbu inabaki ilivyo, msamaha wako uko palepale, na kifungo ni saba. Au unaendelea nayo. Ukiendelea, na mimi nikikubali kwamba hukuomba msamaha, itabidi niitazame adhabu kwa macho mengine. Mimi sikulazimishi. Unaiondoa, au unaendelea?"

Dobi alifungua mdomo.

Akamwona mkalimani ameinua kidevu, tayari. Akaiona kalamu imeinuliwa tena. Alilipima neno la kwanza kichwani, *naondoa*, akajiuliza likifika kwenye daftari lile litakuwa limekuwa nini. Litakuwa nakubali. Litakuwa nilifanya. Akalipima la pili. *Naendelea*: sijuti, ningefanya tena. Akatafuta neno dogo zaidi, hata la kuomba muda, hata la kuuliza, akaona kila alilo nalo mdomoni lina upande ambao si wake, na upande huo ndio wao watakaoushika. Mama yake alikuwa na miaka sabini na miwili sasa.

Akafunga mdomo.

"Mrufani," jaji akasema. "Unaiondoa, au unaendelea?"

Mashine ya baridi ilikuwa inanguruma. Mwenye mafua alivuta pua.

"Mwambie aijibu mahakama," jaji akamwambia mkalimani, na mkalimani akamwambia, kwa Kiswahili kilekile ambacho jaji alikuwa ametoka kukisema.

Dobi alikaza meno. Mdomo ulikuwa wake.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho."

Hakusema neno. Alihakikisha hata asipumue kwa sauti.

Jaji alimtazama kidogo, akatikisa kichwa, akainama juu ya daftari. Kalamu ikaanza. Ilijaza mstari wa kwanza, ikarudi kushoto, ikajaza wa pili bila kusita, ikaweka nukta mahali, ikaendelea. Dobi alijinyoosha kwa vidole vya miguu kizimbani, akajaribu kuona ni nini yeye alichokuwa amesema. Kalamu ilifika mwisho wa mstari wa tatu, ikaanza wa nne.